Mashine kuwaka si kupona

Kila fundi tunayemheshimu hii leo aliwahi kuwa mtu asiyejua hata spana inashikwaje. Ufundi hakuzaliwa nao. Aliupata kwa kufungua na kufunga, kuharibu na kurudia, na vile alivyokuwa akivifungua havikuwa vyake, vilikuwa mali za watu. Basi hapa pana swali ambalo sisi watu wa mjini tunalipita kila siku bila kulitazama: je, mali ya mtu, na pengine hata roho ya mtu, ni halali kugeuzwa shule ya mtu mwingine? Na kama si halali, hao mafundi wa kesho watatoka wapi?

Nauliza hivi si kwa ajili ya mjadala wa barazani tu. Kwa muda nilikuwa mwanagenzi wa fundi wa mashine za boti upande wa Kigamboni, zile mashine za kufunga nyuma ya chombo ambazo wavuvi wetu wanazitegemea. Niliingia ukubwani, wakati wenzangu wa rika langu wameshakuwa mafundi wanaotafutwa. Kwa hiyo swali hili nilikuwa nalo mikononi pamoja na oili na grisi, na ndiyo maana nataka ndugu msomaji tulifikiri pamoja.

Yapo majibu mawili mepesi, na yote mawili nayaona hayatoshi.

Jibu la kwanza linasema: asiyejua asiguse. Kauli hii ina sura ya uchamungu, lakini ukiifuata mpaka mwisho wake utakuta inaua ufundi wenyewe. Ikiwa kila asiyejua hataruhusiwa kugusa, basi waliopo wakifa wamekufa na elimu yao. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Ihya yake kwamba fani ambazo watu hawawezi kuishi bila ya hizo, kama utabibu, hesabu, ukulima, ufumaji na ushonaji, ni fardhi kifaya. Maana yake ni kwamba mji ukikosa kabisa mtu wa kuzifanya, lawama ni ya mji mzima. Sasa itakuwaje jambo liwe wajibu juu ya jamii, halafu njia pekee ya kulifikia iwe imefungwa? Mji wa pwani usio na fundi wa mashine za boti ni mji unaowatuma wavuvi wake baharini na bahati nasibu.

Jibu la pili ni kinyume chake. Linasema: jaribu tu, nia yako ni njema, Mwenyezi Mungu atasaidia. Hili ndilo linalopendwa zaidi katika magereji yetu, na ndilo la hatari zaidi. Nia njema ni baina ya mja na Mola wake, wala hainyooshi chuma kilichopinda. Wanazuoni wa fiqhi hawakuliacha jambo hili hewani. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa ni tabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Na kuhusu mafundi wanaopokea mali za watu kwa kazi, wanazuoni walitofautiana. Imam Malik aliwabebesha mafundi dhamana ya kile walichokipokea, na imepokewa kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba naye alikuwa akiwabebesha, kwa maslahi ya watu. Imam Abu Hanifa aliona mali iliyo mkononi mwa fundi ni amana, hailipi isipokuwa akivuka mpaka, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakamkhalifu katika hilo. Tofauti zao si mada yetu leo. Ninachotaka ukione ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesema kuwa nia njema peke yake inamtosha fundi.

Tuje sasa kwenye kisa, maana swali la namna hii halifahamiki vizuri likiwa juu juu.

Boti moja ya faiba ilipigwa na wimbi ikirudi pwani, ikajaa maji, na mashine ikazama ikiwa inanguruma. Ilikuwa ni mashine ya farasi kumi na tano, ya mipigo miwili, yenye silinda mbili. Mwenyewe alikuwa mzee mvuvi, na waliokuwa wakienda naye ni vijana wake watatu. Fundi wangu siku hiyo hakuwepo, alikuwa amevuka kwenda Mafia msibani. Mzee akaja na mashine imefungwa juu ya mkokoteni inachuruzika maji ya chumvi, akanikuta mimi peke yangu. Akaniambia, "Kijana, si wewe ndiye fundi mdogo? Fungua tu."

Asiyejua mashine anaweza kufikiri kwamba jibu la kiungwana hapo lilikuwa ni kusema, "Mzee wangu, mimi bado najifunza, tumsubiri mwenyewe." Lakini mashine iliyozama katika maji ya chumvi haisubiri msiba umalizike. Maadamu imo ndani ya maji kutu yake huenda polepole, ila ikishatolewa ikapata hewa, chumvi na hewa vinashirikiana na kazi inaanza palepale. Ndani ya saa chache ukuta wa silinda unaanza kubadilika rangi, na beringi za ndani zinaanza kuliwa. Kwa hiyo kukaa mikono kifuani hapo nako ni kitendo, na kina madhara yake. Anayesema "sijui, siguse" mbele ya kitu kinachokufa, hajaepuka dhima. Amechagua tu namna yake ya kuharibu.

Nilichokifanya ni kile ambacho nilikuwa nimekifanya mara nyingi mbele ya macho ya mwalimu wangu. Niliiosha yote kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Nikatoa plagi zote mbili, nikailaza ili matundu yake yatazame chini, nikalizungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole, maji yakatoka. Nikamwaga petroli iliyokuwemo, nikafungua kabureta nikaisafisha. Nikatia oili katika silinda, nikazungusha tena. Kazi zote hizi zina sifa moja: ukizikosea, kosa linaonekana hapo hapo nchi kavu, na unaweza kulirudia.

Lakini wakati wa kuzungusha, mkono wangu ulihisi kitu. Palikuwa na mahali mzunguko unakaza kidogo, kisha unaachia. Na hapa lazima nieleze jambo kwa ufupi. Mashine inapozama ikiwa imezimwa, tatizo lake ni chumvi. Inapozama ikiwa inazunguka, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu pistoni hupanda kwa nguvu kukandamiza hewa, na hewa hukandamizika, ila maji hayakandamiziki. Maji yakiwa yamejaa juu ya pistoni, kitakachosalimu amri ni chuma, na mara nyingi ni ule mkono unaounganisha pistoni na mhimili. Ukipinda hata kidogo, mashine inaweza kuwaka vizuri kabisa ukiwa ufukweni, halafu ikaja kuvunjika ikiwa imebebeshwa mzigo, maili kadhaa kutoka pwani.

Tukaifunga, tukaweka petroli mpya iliyochanganywa na oili, tukaitia kwenye pipa la maji. Mvuto wa tatu ikawaka. Maji ya kupoza yakatoka vizuri pembeni. Vijana wa mzee wakashangilia. Mimi nikasikia mlio mwembamba ndani ya mngurumo, kama kijiko kinapogusa kikombe.

Mzee akasema, "Si imewaka? Unataka nini tena?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kuwaka imewaka. Kupona sijui. Siwezi kukwambia nenda nayo mpaka mwalimu wangu aifungue."

Yalikuwa ni masiku ya giza, wakati wa dagaa, siku ambazo mvuvi wa taa anazihesabu mwezi mzima. Mbalamwezi ikitoka, kazi imekwisha. Mzee alihamaki, na alikuwa na haki ya kuhamaki. Alikaa masiku manne bila ya kwenda baharini.

Kwa nini nilikataa? Kwa sababu neno "tayari" la fundi si neno la kawaida, ni ushahidi. Mvuvi hawezi kuona ndani ya silinda. Anachokiona ni uso wa fundi na kauli yake, na juu ya kauli hiyo anapakia watoto wake na kuvuka mwamba. Fundi anabaki pwani anakunywa kahawa. Shahidi anayejua kwamba hakuona, kisha akasema ameona, tunamwita jina lake linalojulikana, na hatumsamehi kwa sababu mambo yalitokea kuwa kama alivyosema.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti ambayo mwanagenzi anapaswa kuishika. Kuna kazi ambazo kosa lake hujitokeza nchi kavu, na kuna kazi ambazo kosa lake hujitokeza baharini. Za kwanza mwanafunzi na afanye, tena afanye kwa bidii, kwa idhini ya mwenye mali aliyeambiwa ukweli kwamba huyu anajifunza. Za pili asifanye peke yake. Anaweza kuzifanya, ila chini ya jicho la anayejua, na ushahidi wa mwisho uwe wa yule anayejua. Ndivyo shule inavyokuwepo bila ya mtu kugeuzwa kifaa cha kujaribia.

Na msidhani kwamba hatari hiyo hutokana na kazi kubwa tu. Katika baadhi ya mashine ndogo, propela inashikwa na pini laini. Ulaini huo si udhaifu, imefanywa laini kwa makusudi, ili propela ikigonga mwamba ikatike pini na isivunjike gia. Sasa pini inapokatika, fundi wa njia ya mkato hutafuta msumari mgumu akaupachika. Chombo kinaondoka, mwenyewe anafurahi, na fundi anasifiwa kwa wepesi na bei poa. Siku propela itakapogonga tena, msumari hautakatika, itakatika gia. Huyu fundi hakusema uongo kwa ulimi wake. Amesema uongo kwa msumari.

Turudi kwenye zile siku nne, maana najua kuna msomaji anayesubiri kusikia kwamba mwalimu wangu alipofungua alikuta mkono umepinda, na mzee akanishukuru kwa kuokoa maisha yake. Haikuwa hivyo. Mwalimu alirudi, akaifungua yote mpaka kwenye mhimili, na mikono yote miwili ilikuwa imenyooka. Kule kukaza kulikuwa ni chumvi iliyobakia mahali. Ule mlio ulitoka kwenye bolti ya nje iliyolegea. Mashine ile ingekwenda na kurudi. Mzee alipoteza masiku manne ya giza na pesa za gasketi mpya, kwa ajili ya hofu ambayo haikuwa na kitu nyuma yake.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa zito. Wapo walioniambia waziwazi kwamba nilimdhulumu yule mzee. Wavuvi hawana akiba, na siku nne katika nyumba ya mvuvi si jambo la kucheka. Sina jibu la kuwadharau watu hawa. Ila nawauliza: je, kitendo kinapimwa kwa kile kilichokuja kubainika, au kwa kile mtu alichokuwa nacho mkononi wakati wa kutenda? Tukipima kwa matokeo, basi yule anayefunga mashine kwa kubahatisha na ikafika salama atakuwa ni mwema, na mwenzake aliyefanya vilevile ikakwama atakuwa ni mwovu, ilhali wote wawili wamefanya kitu kimoja. Hiyo si haki, hiyo ni kamari iliyovalishwa kanzu. Nilichokuwa nacho mkononi ni mashine iliyozama ikizunguka, mzunguko unaokaza na mlio nisioujua. Mbele ya vitu vitatu hivyo, kauli ya kweli ilikuwa ni moja tu.

Hata hivyo, kuwa na haki hakufuti hasara ya mwenzako. Na hili, ndugu msomaji, ndilo tunalolisahau tunapojisifia uaminifu. Ukweli una gharama, na mara nyingi anayeilipa siye anayeusema. Mimi nilisema "sijui" nikabaki na heshima yangu, mzee akabaki na njaa yake. Kwa hiyo naona kwamba mwenye kusema "sijui" anawajibika kushiriki katika gharama ya kutojua kwake. Mimi na mwalimu wangu hatukuchukua ujira kwa kazi ile, mzee akalipia vifaa tu. Hayakutosha, na sidai kwamba yalitosha. Lakini ni tofauti kubwa baina ya mtu anayekwambia subiri huku akikuhesabia pesa za kusubiri, na yule anayekwambia subiri na kuubeba pamoja nawe upande mmoja wa mzigo.

Wala dhima hii si ya mwanagenzi peke yake. Mwenye mali naye ana yake. Wako wanaompelekea mwanafunzi kazi kwa makusudi kwa sababu ni rahisi, na ikiharibika wanampeleka kituoni kama kwamba walimlipa bei ya fundi mkuu. Ukitaka bei ya mwanafunzi, basi mpe kazi ya mwanafunzi. Na fundi mkuu naye ana yake, pengine nzito kuliko zote. Tunao mafundi ambao ikifika sehemu ngumu humtuma mwanagenzi akanunue soda, ili asione. Wanaogopa atawapita. Mwalimu wangu alikuwa na mashine chakavu pembeni ya banda, haiwaki tena, na mwanafunzi mpya alianza kwa kuivunja na kuiunga ile mpaka aijue kwa mkono. Jifunzie kwenye iliyokufa, alikuwa akisema, ndipo ukaguse iliyo hai. Anayeficha elimu yake anawalazimisha vijana wakajifunzie baharini.

Na sisi jamii, je? Tunao wazazi wengi hapa mjini wanaoona gereji ni mahali pa kumpeleka mtoto aliyefeli. Mtoto mwenye akili aende akawe karani, yule mwingine ndiye akaguse mashine ambayo roho za watu zinaitegemea! Hebu tulitazame hilo kwa makini. Vyuo vya VETA vipo, na pale Mbegani, karibu na Bagamoyo, chuo cha uvuvi kipo miaka mingi. Ni vijana wangapi wa misikiti yetu tumewachangia ada za huko, kama tunavyochangia zulia na vipaza sauti? Ikiwa ufundi ni fardhi kifaya, basi mchango huo nao una fungu lake la thawabu, na kuuacha kuna fungu lake la lawama.

Mwisho, lipo neno ambalo hutufunga midomo kila inapotokea ajali: ni kudra. Naam, ni kudra, hakuna Muislamu anayelipinga hilo. Lakini meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia watu kupita uwezo wake. Idadi ya abiria ilikuwa mikononi mwa wanadamu. Aliyepakia alijua, na aliyeruhusu alikuwa na macho. Kudra ni imani yetu juu ya yale yaliyokwisha kupita, wala haikuwekwa iwe pazia la kumfichia mtu aliyesema "tayari" hali hakuangalia. Maiti anasaliwa na kuzikwa, na yule aliyetoa kauli anabaki na hesabu yake.

Nimeyasema haya kwa mashine za boti kwa sababu ndizo nilizozishika, ila kila mmoja wetu ana bahari yake. Daktari mchanga anayo, mwalimu wa madrasa anayo, na yule kijana anayetoa fatwa za talaka baada ya kusoma vitabu viwili anayo, tena yenye kina kirefu. Kujifunza kwa kupitia watu wengine hakuepukiki, na wala si dhambi. Dhambi ni kumficha mtu kwamba unajifunzia kwake, na kumshuhudilia usalama usioujua. Mwanagenzi hahitaji kujua kila kitu ili awe mwaminifu. Anahitaji kujua mwisho wa ujuzi wake ulipo, na kuutamka mbele ya mwenye mali kabla boti haijasukumwa majini.

Wallahu aalam.